Bati Moja Paani

Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar haihitaji tingatinga ili ianguke. Inatosha bati moja la paani ling'oke na lisirudishwe. Masika ya kwanza maji huteremka hadi sakafu ya ghorofa ya juu na kulowesha mawe na chokaa iliyoshindiliwa juu ya boriti. Masika ya pili na ya tatu, ncha za boriti zilizozama ndani ya ukuta, pale pasipofika hewa, zinaanza kuoza. Na boriti za mikoko katika nyumba hizi hazibebi sakafu tu. Ndizo zinazoushikanisha ukuta wa huku na ukuta wa kule. Zikikatika, ukuta unabaki umesimama peke yake, unaanza kutoa tumbo kichochoroni, na wapita njia wanaharakisha wakitazama juu.

Miaka inapita, kisha anakuja mhandisi. Ripoti yake haina uongo: jengo ni hatari kwa maisha ya watu. Mmiliki anaomba kibali cha kubomoa, na akinyimwa anakwenda mahakamani na hoja ambayo hakimu yeyote ataona tabu kuipinga: je, watu wafe kwa ajili ya kulinda mawe?

Nimesoma mabishano mengi ya namna hii, ya pwani yetu na ya miji ya mbali yenye maeneo ya hifadhi. Karibu kila mara kesi hufunguliwa ikiwa imeshachelewa. Mahakama inaulizwa kama nyumba ibomolewe ilhali nyumba imekwisha kubomolewa na mvua, polepole, mbele ya macho ya kila mtu. Swali lililostahili kufika mbele ya hakimu ni la miaka kumi nyuma: nani alipaswa kulirudisha lile bati, na kwa nini hakulirudisha?

Zanzibar haikukosa sheria. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Mwaka 1994 ikapatikana sheria maalumu ya mji huo pamoja na mpango mkuu ulioainisha majengo yake, takriban 1,700, na namna kila kundi litakavyolindwa. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2010 sheria ikaandikwa upya. Kwenye karatasi, hakuna mtu anayeruhusiwa kuvunja hata baraza bila kuuliza. Hata hivyo nyumba zinaendelea kuanguka, kwa sababu kukataza kubomoa ni jambo moja na kulazimisha kutunza ni jambo jingine kabisa. Sheria ikikazania la kwanza na kulegea katika la pili, inamfundisha mwenye nyumba kitu kimoja: kusubiri.

Lakini kwanza tuipe haki hoja ya mwenye mali, maana si hoja ya kudharauliwa. Ibara ya 24 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda haki ya kumiliki mali na inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Kenya inasema hivyohivyo katika Ibara ya 40. Mwenye kiwanja katikati ya mji, ambaye jirani yake nje kidogo ya mpaka wa hifadhi amepandisha ghorofa sita, anauliza: kama mimi nimezuiwa kupandisha kwa faida ya taifa zima na watalii wake, mbona gharama nabeba peke yangu?

Swali hilo lilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1963 jiji la New York lilishuhudia stesheni kubwa ya Pennsylvania ikianza kuvunjwa, na hasira za watu zilizaa sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Kampuni ya reli ya Penn Central, iliyomiliki stesheni nyingine, Grand Central, ikataka kujenga mnara wa ofisi wa ghorofa zaidi ya 50 juu yake. Tume ya uhifadhi ikakataa. Kampuni ikadai kwamba hewa iliyo juu ya paa lake imetwaliwa bila fidia. Tarehe 26 Juni 1978 majaji 6 dhidi ya 3 wakaamua kwamba hakuna kilichonyang'anywa. Stesheni ilikuwa bado inatumika kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo, kampuni bado ingeweza kupata pato la haki, na haki ya kujenga juu iliyozuiwa pale ilikuwa inaweza kuhamishiwa kwenye viwanja vingine vya karibu.

Wengi wanaoitaja hukumu hiyo wanasahau sehemu ya mwisho. Mji haukusema "hapana" kavu. Ulimwambia mwenye mali kwamba ghorofa asizoruhusiwa kuzijenga hapa anaweza kuzijenga au kuziuza pale. Hukumu ya Marekani haizifungi mahakama zetu, ila mawakili wa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza hupekua hukumu za wenzao, na hii wataikuta. Wakiikuta waisome yote.

Kesi iliyo karibu zaidi na hali yetu, hata hivyo, si ya stesheni kubwa. Inahusu nyumba ndogo.

New Orleans ina mtaa wake mkongwe, Vieux Carré, unaolindwa na tume maalumu tangu miaka ya 1930. Kabla ya kesi hiyo, mwaka 1941, mahakama ya juu ya jimbo la Louisiana ilisikiliza shauri la mwenye kituo cha mafuta ndani ya mtaa huo, aliyeweka bango kubwa kuliko kipimo kilichoruhusiwa. Alisema jengo lake ni la kisasa, si la kihistoria, kwa hiyo sheria haimgusi. Mahakama ikamjibu kwamba kinacholindwa ni sura ya mtaa mzima, si kila jengo kwa sifa zake peke yake. Kila mkazi wa Hurumzi au Shangani, mitaa ya Mji Mkongwe, analijua hili bila kuambiwa na jaji. Nyumba ya kawaida isiyo na mlango wa nakshi wala historia ya sultani ndiyo inayokipa kichochoro upana wake, kivuli chake na upepo wake. Ukiiondoa, jumba zuri la jirani linabaki kama jino moja kinywani.

Kisha mwenye nyumba ndogo ya karne ya 19 katika mtaa wa Dumaine, huko huko Vieux Carré, akataka kuivunja ajenge nyumba za kupangisha. Kesi yake, Maher dhidi ya Jiji la New Orleans, iliamuliwa na mahakama ya rufani ya shirikisho mwaka 1975. Alilalamika kuhusu mambo mawili: kwamba amezuiwa kubomoa, na kwamba sheria inamlazimisha kuitunza nyumba kwa pesa zake. Majaji walimkatalia yote mawili. Kuhusu la pili walisema kwamba lengo la kuuhifadhi mtaa likishakubalika kuwa halali, utunzaji wa majengo unafuata kama njia ya kulifikia, na kwamba gharama zake hazitofautiani kimsingi na gharama ambazo kila mwenye jengo hubeba ili kutimiza kanuni za usalama na za moto. Na mmiliki hakuwa ameonyesha kuwa nyumba ilivyo haiwezi kuuzwa wala kupangishwa.

Hapo ndipo kiini kilipo. Majaji hawakusubiri nyumba iwe gofu ili waulize ibomolewe au la. Walikubali kwamba wajibu unaanza paani, tangu siku ya kwanza.

Sisi watu wa pwani tusiuone wajibu huo kama mgeni aliyeshuka na meli. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni mali ya wakf, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili pato lake liwafae waliotajwa, na fiqhi, sheria ya Kiislamu, ina kanuni ya zamani sana: pato la mali ya wakf linaanza kuitengeneza mali yenyewe, ndipo wanufaika wapewe chao. Kodi ya duka la chini inalipa kwanza fundi wa chokaa. Mayatima, msikiti na wajukuu wa aliyeweka wakf wanafuata. Mwanachuoni aliyeandika hivyo alijua kwamba mnufaika wa leo siku zote atapenda kula paa la mnufaika wa kesho. Waliyoyasema majaji wa New Orleans mwaka 1975 yalikuwa yakifundishwa kwenye mabaraza yetu kabla mji wao haujakuwapo.

Kwa nini basi paa linaliwa?

Nyumba niliyosomea chuo cha Kurani utotoni, mtaa wa Kiponda, ilikufa hivi. Mwenyewe alifariki na kuacha watoto wa wake wawili. Nao wakafariki, mafungu yakagawanyika tena, na kufikia kizazi cha tatu warithi walikuwa Maskati, Dubai, London na wachache Unguja. Kila mmoja alikuwa na fungu, na hakuna aliyekuwa na nyumba. Aliyetaka kuuza alihitaji saini ya asiyepatikana kwa simu. Aliyetaka kutengeneza aliambiwa na wenzake asubiri mirathi imalizike kwa kadhi, maana akiweka pesa yake leo kesho atadai fungu kubwa zaidi. Chini alikaa bibi mmoja mpangaji wa miaka mingi, aliyelipa kodi isiyotosha kununua mfuko wa chokaa, na ambaye ndiye pekee aliyekuwa akipanda juu na ndoo mvua ikinyesha. Tulikuwa na fundi jirani, mzee wa kazi za chokaa. Nilimsikia akimwambia mmoja wa warithi aliyekuja likizo: "Mwanangu, hii haitaki pesa nyingi. Inataka kidogo kidogo, kila mwaka." Yule ndugu akaitikia, akapiga picha, akarudi alikotoka. Ilipoanguka upande mmoja, ndipo warithi wote wakapatikana kwa simu kwa siku mbili, kwa sababu sasa kilichokuwapo ni kiwanja, na kiwanja kinagawika.

Sheria yetu haina neno la kumwambia mtu kama huyo mapema vya kutosha. Notisi ya ukarabati inaandikwa kwa "mmiliki", na mmiliki hayupo, kuna mafungu. Ningependa kuona mahakama ikiwa na uwezo wa kumteua msimamizi wa muda wa nyumba kama hiyo, akusanye kodi, atengeneze paa, na gharama ziwe deni juu ya nyumba yenyewe litakalolipwa siku mirathi itakapokatwa au nyumba itakapouzwa. Msimamizi wa wakf amekuwa akifanya kazi inayofanana na hiyo miaka yote.

Na serikali nayo ni mwenye nyumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yaliingia mikononi mwake, yakagawiwa familia nyingi chumba kwa chumba, na ingawa baadhi yaliuzwa baadaye, bado yako mengi. Hakuna kesi itakayokuwa na heshima dhidi ya mrithi wa Kiponda ikiwa mwenye jumba kubwa kuliko yote hajalitunza lake. Beit al-Ajaib aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883 ilistahimili mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, iliyoharibu majumba ya jirani yake na mnara uliokuwa mbele. Mwaka 2012 sehemu ya varanda yake iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kuikarabati ikiwa inaendelea kwa fedha za Oman, sehemu kubwa ya mbele ilianguka na kuua watu 2. Walikuwa kazini. Nikisikia mtu akisema kwamba uhifadhi ni anasa ya wapenda historia, nawakumbuka hao kwanza.

Kuna swali jingine ambalo linaonekana la kitoto mpaka lifike kortini: kubomoa ni nini? Mwaka 1997 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa wakati huo mahakama ya mwisho ya rufani, lililazimika kulijibu katika kesi ya Shimizu dhidi ya Halmashauri ya Westminster. Mabishano yalihusu kuta za mabomba ya moshi ndani ya jengo la katikati ya London ambalo tayari lilikuwa limeruhusiwa kuvunjwa lote isipokuwa hizo na kuta za mbele. Malodi wakasema kubomoa ni kuliondoa jengo zima au karibu lote. Kuondoa sehemu ni kubadilisha tu. Matokeo yake, katika maeneo ya hifadhi ya Uingereza, mtu aliweza kulitoa jengo vipande bila kuhitaji kile kibali cha kubomoa.

Tafsiri hiyo ikihamia Mji Mkongwe itatumaliza. Ubomoaji wetu wa siku hizi ndio huohuo: mlango wa nakshi unabaki, ukuta wa mbele unabaki, na nyuma yake zinaingia nguzo za zege na sakafu za zege kuanzia chini hadi juu. Mtalii anapiga picha na haoni tofauti. Ukuta lakini unaijua tofauti. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa. Ukipakwa plasta ya saruji unyevu unanaswa ndani pamoja na chumvi yake, na mawe yanaanza kumomonyoka yakiwa yamefunikwa. Zege nzito iliyofungwa kwenye ukuta laini inausukuma kila joto na baridi zinapobadilishana. Aliyebakisha uso wa nyumba hivyo ameuweka kwenye foleni ya kuanguka, na mara nyingi unaanguka pamoja na ukuta wa jirani, maana nyumba hizi zimeegemeana. Kwa hiyo sheria inayotaka kuulinda mji isitafsiri kubomoa kwa ukubwa wa kifusi. Iangalie kama kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kikibeba nyumba.

Jirani huyo ndiye ninayetaka afike mahakamani kudai. Kenya, kwa Katiba ya 2010, Ibara ya 22, mtu anaweza kufungua shauri la haki kwa niaba ya umma, kwa hiyo mkazi wa Mji wa Kale wa Mombasa au wa Lamu ana mlango wa kupita. Tanzania mlango huo umekuwa mwembamba. Marekebisho ya 2020 ya sheria ya kutekeleza haki za msingi yalimtaka mlalamikaji aeleze alivyoathirika yeye binafsi. Wapo waliolisikitikia hilo, nami ni mmoja wao, ila katika mji wa nyumba zinazoshirikiana ukuta sioni kwa nini jirani ajione hana kesi. Maji ya paa lisilo na bati yanaingia kwake. Ukuta unaotoa tumbo ni wake nusu. Si lazima aongee habari za urithi wa dunia. Azungumzie sebule yake.

Upande wa Bara kuna tatizo jingine ambalo nalitaja kwa sababu linanikera kila nikipita karibu na bandari ya Dar es Salaam. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitambua kuwa ya kale, bila tangazo lolote, nyumba iliyojengwa kabla ya 1863. Sultan Majid alianza kuujenga mji huo katika miaka hiyohiyo ya 1860, na Boma la Kale lenyewe ni la baada ya mwaka huo, sembuse majengo ya Wajerumani. Mji mzima umezaliwa umechelewa kwa miaka michache, na jengo lake halina kinga mpaka waziri alitangaze au atangaze eneo lilimo. Wakati waraka unasubiri saini, tingatinga halisubiri.

Na likishapita, mahakama ifanye nini? Faini haitoshi; mwenye mradi wa ghorofa kumi anaiweka faini kwenye bajeti pamoja na nondo. Mwezi Aprili 2015, baa ya Carlton Tavern, Maida Vale, London, ilivunjwa na wamiliki wake bila kibali, wakati wakuu wa urithi wa Uingereza wakiwa wanajiandaa kuiingiza kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Miezi michache kabla walikuwa wamenyimwa ruhusa ya kujenga nyumba za kuishi pale. Halmashauri ya Westminster haikuwatoza faini tu wakaenda zao. Iliwaamuru waijenge upya tofali kwa tofali. Wakakata rufaa, wakashindwa mwaka 2016, na Aprili 2021 baa ikafunguliwa tena mahali palepale. Iliwezekana kwa sababu jengo lilikuwa limekwisha kupigwa picha na kuandikwa kwa kina kabla ya kuvunjwa. Hakuna aliyeweza kusema hakumbuki dirisha lilikuwa na upana gani.

Mji Mkongwe ulihesabiwa na kuchorwa kwa ajili ya mpango wa 1994. Vipimo hivyo vipanuliwe, vifike ndani ya vyumba, vipigwe picha upya, na viwekwe mahali ambapo mahakama inaweza kuvitumia kama ushahidi. Sehemu ya kodi inayotozwa hoteli zinazouza sura ya mji huu iende kwenye mfuko wa mabati, boriti na chokaa, kwa mwenye nyumba asiye na uwezo, akope humo bila riba na deni likae kwenye nyumba. Hapo mwenye mali hatakuwa na la kusema kwamba amebebeshwa mzigo wa taifa peke yake.

Kisha siku mwombaji atakaposimama na ripoti ya mhandisi mkononi, hakimu asiifungue kwanza. Amwombe risiti za bati, za chokaa na za fundi za miaka kumi iliyopita, au barua aliyoandika kuomba mkopo wa mfuko. Asiye na hata kimoja aruhusiwe kuondoa kilicho hatari, maana watu wanapita pale chini, na papo hapo apewe amri ya kuijenga tena kwa vipimo vilevile, mawe kwa mawe na boriti kwa boriti.